Disko Lililopata Mnara: Historia ya Clouds FM

Redio nyingi za Tanzania zilizaliwa na mamlaka iliyokuwepo kabla yake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ya serikali. Radio Tumaini ililetwa na Kanisa Katoliki, na Radio Uhuru ikawa ya chama. Radio One ilitoka mikononi mwa Reginald Mengi, mfanyabiashara aliyekuwa tayari na viwanda. Clouds FM haikuwa na mzazi wa aina hiyo. Mzazi wake ni disko, na ukitaka kuielewa redio hii, uzuri wake na ugomvi wake, huna budi kuanzia hapo.

Miaka ya 1980, Joseph Kusaga alikuwa kijana anayepiga disko, kwanza Arusha, baadaye Dar es Salaam. Disko lake liliitwa Clouds, na wengine wakaliita Mawingu. Kwa kizazi cha leo si rahisi kuona uzito wa jambo hilo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye miaka ya foleni za sukari na sabuni, na televisheni haikuwepo Tanzania Bara. Santuri ya msanii wa Marekani ilifika kwa mkono wa baharia, rubani au mwanafunzi aliyerudi likizo. DJ mwenye santuri ambayo wenzake hawana alikuwa mtu mkubwa mjini. Kazi yake, lakini, haikuishia kuwa na santuri. Ilikuwa kuisoma sakafu: nani anacheza, nani ameanza kuchoka, wimbo gani utawainua waliokaa, na upi utawatoa nje wote kwa dakika moja. Ukikosea, jibu unalipata hapo hapo.

Redio ya taifa wakati huo haikuwa na namna ya kupata jibu kama hilo, na wala haikulihitaji. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951 chini ya Waingereza, yakawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikayachukua na kuyapa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Siandiki haya kuibeza RTD. Pale studio za Pugu Road ndipo bendi zetu nyingi kubwa zilirekodiwa, na bila kanda zile nusu ya kumbukumbu ya muziki wa dansi ingekwisha kupotea. RTD ilifundisha Kiswahili fasaha nchi nzima, ikafundisha kilimo, ikalea watoto kwa kipindi cha Mama na Mwana. Ila ilizungumza na wananchi kama mwalimu anavyozungumza na darasa. Wimbo ulipimwa kwanza kama unafaa kwa maadili na siasa ya nchi, ndipo ukapigwa. Kijana aliyetaka rap, au aliyetaka kusikia mtu akizungumza kama wanavyozungumza wenzake wa Kinondoni na Temeke, hakuwa na mahali.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, ikaundwa Tume ya Utangazaji, na kwa mara ya kwanza mtu binafsi akaweza kuomba leseni. Mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani. Pale vijana kama Taji Liundi, maarufu Master T, na Mike Mhagama waliipa rap ya Kiswahili nafasi ambayo haikuwahi kupata, na Mhagama ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuuita muziki huo Bongo Flava hewani. Clouds, basi, haikuwa ya kwanza, na wapenzi wake wanapojisahau na kudai hivyo huwa hawawatendei haki wale wa Radio One.

Kusaga, hata hivyo, hakuwa amekaa akisubiri leseni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 disko lilikuwa limezaa studio, Mawingu, ambako DJ Boniface Kilosa, anayejulikana zaidi kama Bonny Luv, aliwarekodi vijana wa rap wakati ambapo mtu mzima yeyote angekuambia kwamba huo si muziki bali ni kelele za Wamarekani. Kwa hiyo redio ilipokuja, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Kusaga alikuwa tayari na vitu viwili ambavyo wenye leseni wengine walilazimika kuvitafuta: muziki wenyewe, na watu waliojua nani anausikiliza.

Mtu wa tatu muhimu katika hadithi hii, ukiacha Kusaga na Bonny Luv, ni Ruge Mutahaba. Alizaliwa mwaka 1970 huko Brooklyn, New York, mtoto wa Profesa Gelase Mutahaba, na asili yao ni Bukoba. Alisoma Marekani, akarudi nyumbani, akaungana na Kusaga. Waliofanya kazi na wawili hao wanawaeleza kama watu wa vipaji tofauti: Kusaga mfanyabiashara mwenye jicho la DJ, Ruge mtu wa vipindi na mawazo, anayeweza kukaa na mtangazaji mchanga hadi usiku akimweleza kwa nini sentensi yake ya kwanza hewani imemchosha msikilizaji. Clouds FM ilianza kusikika Dar es Salaam mwaka 1999, na kwa miaka yake ya mwanzo ilikaa katikati ya jiji, jengo la Kitega Uchumi, kabla ya kuhamia Mikocheni.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu FM yenyewe. RTD ilirusha kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo husafiri mbali sana, hata kuvuka mipaka, lakini sauti hufika ikiwa na mikwaruzo na usiku hupanda na kushuka. Masafa ya FM hayafiki mbali. Huenda karibu moja kwa moja kama mwanga, na mnara ulioko Dar es Salaam hauwezi kumfikia mtu wa Dodoma. Lakini ndani ya eneo lake sauti hutoka safi, besi ikiwa besi kweli. Kwa taarifa ya habari tofauti hiyo ni ndogo. Kwa muziki wa disko ndiyo kila kitu. Teknolojia hiyo, kwa asili yake, ilikuwa ya mji mmoja, na ilimlazimisha mtangazaji kuzungumza na mji huo: foleni ya Ubungo, mvua ya Jangwani, umeme uliokatika Sinza.

Nadhani hapo ndipo Clouds ilipowapita wengi. Watangazaji wake hawakuzungumza kama wasomaji wa habari. Asubuhi, kwenye Power Breakfast, walikaa Fina Mango na Masoud Kipanya, mchora katuni ambaye nchi nzima ilikuwa ikimfahamu kwa kalamu yake, wakalijadili jambo la serikali kama linavyojadiliwa kijiweni, kwa kubishana na kucheka, lakini wakiwa wamesoma. Mchana kikaja Leo Tena, kipindi ambacho akina mama waliokuwa jikoni, saluni na nyuma ya cherehani walikisikiliza kama shoga aliyepita kusalimia. Kulikuwa na XXL ya vijana. Jumapili kulikuwa na Njia Panda ya Dk. Isaac Maro, ambapo mtu alisimulia maisha yake, ndoa iliyomshinda au ugonjwa aliouficha, na mji mzima ukanyamaza kumsikiliza. Shaffih Dauda alichukua michezo, na kutoka kwenye michezo hiyo ya redio akazaa mashindano ya Ndondo Cup, yaliyoupa mpira wa mtaani heshima ambayo viongozi wa soka walikuwa wameunyima.

Na kulikuwa na Jahazi. Saa kumi na moja jioni, Barabara ya Morogoro, daladala ya Kimara imejaa hadi mlangoni, konda ananing'inia, jasho linatoka, gari halisogei. Dereva anaongeza sauti. Ephraim Kibonde anaanza kumchokoza Gadner G. Habash juu ya jambo ambalo halina kichwa wala miguu, Gadner anajibu kwa ile sauti yake nzito ya taratibu, na abiria ambao hawajawahi kuonana wanaanza kuchangia, mmoja anamuunga mkono Kibonde, mwingine anamwambia akae kimya. Kabla ya Clouds, redio ilisikilizwa nyumbani, mzee akiwa karibu na kitufe. Jahazi lilisikilizwa na watu ambao hawakuchagua kuwa pamoja. Sijui kipindi kingine cha Kiswahili kilichoweza jambo hilo kwa miaka mingi hivyo.

Biashara ilifuata masikio. Tangazo la redio halinunuliwi kwa uzuri wake, linanunuliwa kwa idadi na aina ya watu wanaosikiliza, na Clouds ilikuwa na vijana wa mjini wakati ule ule kampuni za simu za mkononi zilipoanza kuwatafuta vijana wa mjini. Kwa fedha hizo na za wadhamini wengine ilifunga mitambo mkoa baada ya mkoa, maana FM haivuki nchi bila kuwekewa mnara kila inapotaka kusikika. Redio ya jiji moja ikawa ya taifa. Ilijiita Redio ya Watu.

Ikaja Fiesta. Wazo lilikuwa la disko lile lile, ila sasa lilikuwa la nchi nzima: msafara wa wasanii unaozunguka mikoani kila mwaka, kiwanja baada ya kiwanja, na mwisho wake Dar es Salaam, Leaders Club. Kwa kijana wa Songea au Shinyanga, Fiesta ilikuwa siku pekee katika mwaka ya kumwona kwa macho yake mtu ambaye anamsikia kila siku. Kwenye kilele walikuja pia wageni kutoka Marekani: Ludacris mwaka 2011, Rick Ross 2012, T.I. 2014. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu wageni hao. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kwenye viwanja vya mikoani, ambako msanii wa Bongo Flava alijifunza kusimama mbele ya maelfu ya watu na kulipwa kwa kazi hiyo.

Ruge naye alikuwa akijenga jambo jingine. Tanzania House of Talent, THT, aliyoianzisha miaka ya 2000, ilikuwa shule ya vijana wenye vipaji wasio na ada: wanafundishwa kuimba na ala, kucheza jukwaani, nidhamu ya kazi. Mwasiti, Barnaba, Linah, Amini na Nandy walipita pale. Mwaka 2010 wasanii wa THT walikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya Zinduka dhidi ya malaria, na ninaamini nyimbo zile ziliwafikishia watu habari ya chandarua kuliko mabango yote ya barabarani.

Lakini lazima tulitazame lile lililokuwa chini ya mafanikio hayo. Fikiria mwaka 2002. Kijana amerekodi wimbo wake studio, amelipa kwa fedha ya kuungaunga, na mkononi ana kaseti au CD moja. Intaneti kwake ni kitu cha kwenda kulipia kwa saa. Ili wasambazaji wa Kariakoo wakubali albamu yake, lazima wimbo uwe umesikika. Ili usikike, lazima mtu fulani ndani ya studio ya redio aamue kuupiga. Basi anakaa mapokezi, anamngoja DJ atoke, anampa CD yenye jina lake lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na anarudi kwao kufungua redio na kusubiri. Wiki, miezi. Redio iliyojifunza kusoma sakafu ya disko sasa ilikuwa ndiyo inayoamua nani apande jukwaani.

Uwezo wa namna hiyo haukai mikononi mwa binadamu bila kuzua manung'uniko. Watu wa muziki wamelalamika kwa miaka kwamba redioni wimbo hausogei bila mtu kupewa chochote, na lalamiko hilo halikuwa la kituo kimoja. Kwa Clouds, hata hivyo, kulikuwa na la ziada: nyumba hiyo hiyo ilikuwa na redio, ina tamasha kubwa kuliko yote, ina mahali pa kulea wasanii, na uongozi wake ulihusika na kusimamia baadhi yao. Aliyekosana nayo alikosana na milango yote kwa siku moja. Mwaka 2011 Joseph Mbilinyi, yaani Sugu au Mr. II, mmoja wa waasisi wa rap ya Kiswahili na wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, aliongoza kundi la Vinega waliotoa kandamseto ya Anti-Virus, wakimshambulia Ruge waziwazi. Baadaye wawili hao wakapatanishwa. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Lady Jaydee, na hili liliuma zaidi kwa sababu Jaydee alikuwa mtoto wa nyumba: kabla ya kuwa mwimbaji mkubwa wa kike nchini alikuwa mtangazaji wa Clouds. Ugomvi wao ulifika hadi mahakamani, na nchi ikagawanyika mashabiki wa huku na wa kule.

Sidhani kwamba haki ilikuwa upande mmoja. Waliosema Clouds iliukuza muziki huu wanasema kweli, na waliosema iliubana nao wanasema kweli. Mkono ule ule ulifanya yote mawili, kwa sababu soko zima lilikuwa limeachwa lipite kwenye milango michache ya redio, na mwenye mlango mpana zaidi alikuwa yeye. Lawama yangu naielekeza zaidi kwa nchi iliyotunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, mwaka ule ule Clouds ilipoanza kusikika Dar es Salaam, kisha ikaacha nyimbo zipigwe redioni miaka na miaka bila mwenye wimbo kuona senti.

Halafu ukaja usiku wa Ijumaa, tarehe 17 Machi 2017. Clouds ilikuwa na kituo cha televisheni pia, na huko kulikuwa na kipindi cha udaku kiitwacho Shilawadu, ufupisho wa Shirika la Wambea Duniani. Watayarishaji wake walikuwa na habari ya tuhuma zilizomhusu Askofu Josephat Gwajima. Uongozi ulikataa irushwe kwa sababu haikuwa na upande wa pili. Usiku huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia kwenye ofisi za Mikocheni akiwa na askari wenye silaha, akitaka habari hiyo irushwe. Kamera za usalama za jengo zilinasa kuingia kwao, na picha zile, bunduki zikipita kwenye korido ambazo kwa kawaida hupita wasanii na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, zikasambaa nchi nzima.

Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya uchunguzi. Kamati ikamkabidhi ripoti tarehe 22 Machi. Kesho yake Rais John Magufuli akamwondoa Nape kwenye uwaziri na kumteua Harrison Mwakyembe. Siku hiyo hiyo, Nape alipokwenda kuzungumza na waandishi, mtu mmoja alimtolea bastola hadharani. Mkuu wa Mkoa akabaki kazini.

Kuna waliosema wakati ule kwamba ni aibu uhuru wa habari kupiganiwa kwenye kipindi cha umbea. Sikubaliani nao kabisa. Mhariri aliyekataa habari isiyo na mizani, na akaendelea kukataa mbele ya bunduki, alifanya kazi ya uhariri kwa ukamilifu wake, na haijalishi kipindi kinaitwaje. Redio na televisheni za watu waliozoea kuitwa wapiga disko ndizo zilizopata jaribio hilo, na hawakurusha ile habari.

Miaka miwili baadaye nyumba hiyo ilipata msiba juu ya msiba. Ruge Mutahaba alifariki dunia Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Dar es Salaam walimuaga Karimjee, na tarehe 4 Machi akazikwa kwao Bukoba. Ephraim Kibonde alikuwa kati ya walioongoza shughuli za mazishi, akiwa ameshika kipaza sauti kama alivyozoea. Hakurudi Dar es Salaam akiwa hai: aliugua na kufariki Mwanza tarehe 7 Machi, siku tatu tu baada ya kumzika bosi wake. Gadner aliyekuwa naye Jahazini, ambaye kwa nyakati fulani alihamia vituo vingine kisha akarudi Clouds, alifariki Aprili 2024.

Katikati ya hayo, Agosti 2020, wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliifungia redio na televisheni ya Clouds kwa siku saba kwa kosa la kutangaza habari za wagombea waliopita bila kupingwa kabla ya tume ya uchaguzi kuthibitisha. Wiki nzima madereva wa daladala walitafuta mahali pengine pa kuweka mshale.

Na mahali pengine palikuwepo, tofauti na mwaka 1999. Redio nchini zimepita 200. EFM, iliyoanza mwaka 2014, nayo ilianzishwa na mtu aliyetoka kwenye u-DJ, Majizzo, na ilichukua baadhi ya sauti zilizokuwa zimezoeleka Clouds. Diamond Platnumz, mwimbaji wa Tandale, akafungua Wasafi FM. Kijana mwenye wimbo leo anauweka YouTube usiku na asubuhi anajua umesikilizwa na wangapi, bila kukaa mapokezi ya mtu yeyote. Redio bado ina nguvu, hasa barabarani na vijijini, lakini mlango si mmoja tena.

Januari 2022, zaidi ya miaka ishirini tangu sheria ya hakimiliki ipitishwe, COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya utangazaji, zaidi ya shilingi milioni 300. Wengi wa waliokaa mapokezi na CD zao mwaka 2002 walikuwa wameshaacha muziki wakatafuta kazi nyingine.